Sura ya Tisa: Sifuri ya Maabara

Mwezi Julai 2010, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, mama mmoja alifika hospitali kujifungua bila kujua kwamba ana VVU. Aligundulika akiwa leba. Mtoto wake alianzishiwa dawa tatu za kufubaza virusi akiwa na umri wa saa 30, akaendelea nazo mpaka alipofikisha kama mwaka mmoja na nusu, kisha mahudhurio ya kliniki yakakatika na dawa zikakatika nayo. Alipoletwa tena baada ya miezi kadhaa, madaktari walitegemea kukuta virusi vimejaa kwenye damu. Kipimo cha kawaida cha wingi wa virusi hakikukuta kitu. Damu ikagawiwa kwa maabara za utafiti zenye vipimo vikali zaidi, PCR ya kidijitali ikiwamo, nazo zikaambulia alama chache mno za vinasaba vya VVU, zilizokaribia ukomo wa vipimo vyenyewe. Machi 2013 dunia ikaambiwa kwamba huenda mtoto huyu amepona. Julai 2014, baada ya zaidi ya miaka miwili bila dawa, virusi vilikuwa vimerudi: zaidi ya nakala 16,000 katika kila mililita ya damu.

Mtu akiambiwa na maabara kwamba ugonjwa haujaonekana, huondoka na kauli hiyo kama hukumu juu ya mwili wake wote. Kumbe maabara imezungumzia damu iliyokuwa ndani ya mrija, basi. Kati ya mrija na mwili kuna pengo, na magonjwa mengi ya kuambukiza hujificha humo. PCR ya kidijitali haiwezi kuliziba. Inachofanya ni kutupa hesabu ya kujua pengo hilo lina upana gani, na kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko sifa ya unyeti ambayo mashine hizi husifiwa nayo kila mara.

Jina PCR lilizoeleka hadi vijiweni wakati wa UVIKO-19, wasafiri walipotakiwa kuonyesha cheti uwanja wa ndege. Wazo lenyewe ni la mwaka 1983, la mwanakemia Kary Mullis wa kampuni ya Cetus huko California. Unapasha moto vinasaba mpaka nyuzi zake mbili ziachane. Unapooza ili praima, yaani vipande vifupi vilivyoandikwa kulingana na mwanzo na mwisho wa sehemu unayoitafuta, vinate mahali pake. Kisha kimeng'enya kinajenga uzi wa pili upya. Kila mzunguko idadi inakuwa maradufu, na mizunguko 30 hugeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni moja. Kimeng'enya kinachostahimili joto hilo kilitoka kwa bakteria aliyepatikana na Thomas Brock kwenye chemchemi za moto za Yellowstone katika miaka ya 1960. Mullis alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993, pamoja na Michael Smith.

Baadaye ikaongezwa rangi inayong'aa kadiri nakala zinavyozaliana, na mashine ikawa inasoma mwanga kila mzunguko unapokwisha. Mwanga ukijitokeza mapema, virusi vilikuwa vingi. Ukichelewa, vilikuwa vichache. Huu ndio msingi wa kipimo cha wingi wa virusi kinachofanyiwa sampuli kutoka kliniki zetu za VVU. Ni kipimo kizuri na kimeokoa maisha ya watu wengi. Ila ndani yake kuna udhaifu ambao mgonjwa haelezwi: mashine haihesabu, inalinganisha. Inatazama mwanga wa sampuli yako umejitokeza mzunguko wa ngapi, kisha inauweka kando ya sampuli elekezi ambayo kiasi chake kinajulikana. Sampuli elekezi za maabara mbili zikitofautiana, na majibu hutofautiana, hata kama damu ni moja.

Waliopandikizwa figo waliyaona madhara ya jambo hilo kwa karibu. Mgonjwa wa aina hiyo hufuatiliwa kirusi kiitwacho CMV, kwa kuwa kinga yake imeshushwa makusudi ili mwili usikikatae kiungo kipya. Kabla Shirika la Afya Duniani halijatoa kiwango elekezi cha kimataifa mwaka 2010, maabara mbili ziliweza kupima sampuli ile ile na kupishana mara mia na zaidi. Mgonjwa aliyehama hospitali alihamia kwenye namba nyingine kabisa, na daktari asijue kama ugonjwa umepanda au ni mashine tu iliyobadilika. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipotengeneza vinasaba elekezi vya CMV, ilitumia PCR ya kidijitali kuvihesabu, kwa kuwa njia hiyo haihitaji kuegemea sampuli elekezi nyingine.

Inahesabuje? Kwa kugawa. Mpishi anayetafuta mawe kwenye mchele haingizi mkono guniani. Humimina sinia kwa sinia, akautandaza mpaka kila punje ionekane. Maabara nayo inagawa sampuli moja katika sehemu nyingi ndogo kiasi kwamba kila sehemu inapata nakala moja ya kirusi, au haipati kabisa, na chache tu zinabahatika kupata mbili au tatu. PCR inafanyika ndani ya kila sehemu peke yake. Mwisho hakuna haja ya kujua mwanga ulijitokeza mzunguko wa ngapi. Sehemu imewaka au haikuwaka: moja au sifuri. Neno kidijitali limetoka hapo.

Waliotangulia kufanya hivyo hawakuwa na mashine maalumu. Mwaka 1990 Peter Simmonds na wenzake huko Edinburgh, Uskochi, walizimua vinasaba vya watu wenye VVU mpaka mirija mingine ikawa na nakala moja na mingine haina kitu, wakahesabu iliyojibu. Waligundua kwamba seli za damu zilizobeba virusi zilikuwa chache, na kila iliyobeba ilikuwa na nakala chache sana. Miaka miwili baadaye Pamela Sykes, Alec Morley na wenzao, Adelaide, Australia, waliiweka hesabu yake sawasawa wakati wakifuatilia saratani ya damu. Jina PCR ya kidijitali likaja mwaka 1999 kutoka kwa Bert Vogelstein na Kenneth Kinzler wa Johns Hopkins, Baltimore, nao pia walikuwa wakitafuta saratani. Napenda kukumbusha kwamba VVU ilikuwa mwanzoni kabisa mwa safari hii, maana vitabu vingi huianzia kwenye saratani.

Kilichokosekana ni njia ya kugawa bila kujaza meza nzima mirija. Mwaka 2011 kampuni ya QuantaLife ya California ilionyesha mashine ya vitone, na mwaka huo huo QuantaLife ikanunuliwa na kampuni ya Bio-Rad. Mtaalamu wa maabara anaweka maikrolita 20 za sampuli kwenye kikasha chenye vishimo vinane, kando yake maikrolita 70 za mafuta maalumu. Mashine inavuta hewa. Sampuli na mafuta vinakutana kwenye mfereji mwembamba kama unywele, na sampuli inakatika vitone kama 20,000, kila kimoja cha takriban nanolita moja. Ukikitazama kikasha kwa macho huoni vitone, unaona ukungu mweupe kama maziwa ukielea juu ya mafuta. Hapo mtaalamu anatakiwa kuwa na mkono wa subira. Akivuta kwa pipeti haraka, vitone vinapasuka na kuungana, na kazi nzima inaharibika. Sampuli ikishapita kwenye mashine ya joto, vitone vinapitishwa kimoja kimoja mbele ya jicho la mwanga, na kompyuta inaandika: kimewaka, hakikuwaka, hakikuwaka, kimewaka.

Tuseme vitone 5,000 kati ya 20,000 vimewaka. Je, nakala ni 5,000? Hapana, kwa sababu vingine vilibeba mbili au tatu na vikawaka mara moja tu. Jawabu lilikuwa limekwisha kuandikwa na Mfaransa Siméon Denis Poisson katika kitabu chake cha mwaka 1837 kilichohusu maamuzi ya mahakama. Ukijua sehemu ngapi zimebaki tupu, hesabu yake inakuambia kwa wastani kila sehemu ilipata nakala ngapi. Katika mfano wetu robo tatu ya vitone ni vitupu, na jibu ni nakala kama 5,754. Ona kwamba taarifa inatoka kwenye vitone visivyowaka. Ndiyo maana vikiwaka vyote mashine inakwama: haina kitupu cha kuhesabia. Sampuli yenye virusi vingi mno ni lazima izimuliwe kwanza, na kwa kazi hiyo PCR ya kawaida inatosha na ni rahisi zaidi.

Njia hii ina nguvu nyingine. Damu na kinyesi vina kemikali zinazochelewesha kimeng'enya. Kwenye PCR ya kawaida kuchelewa huko kunasomeka kama upungufu wa virusi. Kwenye vitone, kitone kikichelewa lakini kikawaka mwishoni, kimehesabiwa sawa na vingine. Hii ni sababu mojawapo ya vitone kupendwa na wanaopima maji taka kufuatilia virusi vya UVIKO-19.

Sasa turudi kwenye sifuri. Hesabu ya Poisson inasema hivi: ukipima seli milioni moja usikute hata moja yenye VVU, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba hazizidi 3 katika kila milioni. Huwezi kusema zaidi ya hapo. Mwili wa mtu mzima una seli za kinga za aina ya CD4 kwa mabilioni mengi. Ukichukua bilioni 100 tu, seli 3 katika kila milioni ni seli 300,000. Moja kati ya hizo ikiamka dawa zikiwa zimeachwa, inatosha. Hayo ndiyo yaliyo nyuma ya kisa cha Mississippi, na ndiyo sababu kila anayetumia ARV anaambiwa asiache. Virusi visipoonekana kwenye kipimo huku dawa zikiendelea kunywewa ipasavyo, mtu haambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa na ni habari njema. Kupona ni jambo jingine, na hakuna jibu la maabara, hata la vitone, linaloweza kumruhusu mtu aweke kando dawa zake.

Watafiti wa tiba ya kuondoa VVU kabisa wana tatizo gumu zaidi. Zaidi ya 9 kati ya 10 ya nakala za VVU zilizojichomeka ndani ya seli za mtu anayetumia dawa ni mbovu. Zimekatika au zimeharibika na haziwezi kuzaa kirusi. Ukizihesabu zote unapata namba kubwa isiyo na maana. Mwaka 2019 maabara ya Robert Siliciano, huko huko Johns Hopkins, ilichapisha kipimo kinachotumia rangi mbili ndani ya kitone kimoja. Rangi ya kwanza inanata upande mmoja wa vinasaba vya kirusi, ya pili upande wa mbali. Kitone kilichowaka rangi zote mbili kinahesabiwa kuwa na nakala nzima. Kilichowaka moja kina nakala mbovu. Kwa njia hiyo unaweza kupima kama dawa mpya imepunguza maficho ya kirusi, bila kuotesha seli maabara kwa wiki kadhaa.

Kipimo hicho kiliandikwa kwa VVU vya kundi B, linalotawala Marekani na Ulaya. Afrika Mashariki tuna makundi A, C na D, na mchanganyiko wake. Praima na vipande vya rangi ni maandishi mafupi. Herufi mbili tatu zikibadilika havinati, kitone hakiwaki, na mashine inaandika kwa utulivu kabisa kwamba hakuna kitu. Hebu msomaji afikirie matokeo yake: dawa ya majaribio inapewa mgonjwa wa Kampala au Mbeya, kipimo kisichosoma kirusi chake kinatoa sifuri, na sifuri hiyo inaitwa mafanikio.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa kuwa hatuwezi kudhani kwamba maficho ya kirusi ndani ya miili yetu yanafanana na ya Baltimore. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Rakai, kusini mwa Uganda, ambao ulitumia njia ya kuotesha seli, ulikuta kwamba seli zenye VVU vinavyoweza kuamka zilikuwa kama theluthi moja tu ya zile za wagonjwa wa Baltimore. Kwa nini? Hilo ni swali la kisayansi la thamani kubwa, na jibu lake linaweza kufaa dunia nzima. Timu ya Western University ya Kanada inayoshirikiana na watafiti wa Rakai imekwisha kutengeneza kipimo cha vitone kinachosoma makundi A, B, C na D. Kazi ya namna hiyo ilipaswa kuwa hatua ya kwanza, siyo marekebisho ya baadaye.

Malaria ina kisa chake, na hiki kinamgusa kila mzazi aliyewahi kukaa na mtoto mwenye homa kwenye benchi la zahanati. Kipimo cha haraka kinachotumika sana kwetu kinatafuta protini iitwayo HRP2, inayotolewa na kimelea Plasmodium falciparum. Kidole kinachomwa, maikrolita 5 za damu zinawekwa kwenye kishimo, tone la kimiminika linafuata, mnasubiri dakika 15 hadi 20 mkitazama kama mstari wa pili utatokea. Mwaka 2010 watafiti nchini Peru walitoa taarifa ya vimelea vilivyopoteza jeni la HRP2. Vinaumiza mtu vile vile, ila mstari wa pili hautokei. Nchini Eritrea tatizo lilikuwa kubwa: katika hospitali ya Ghindae, asilimia 80.8 ya wagonjwa waliochunguzwa walikuwa na vimelea visivyo na jeni hilo, na mwaka 2016 nchi ikaachana na vipimo vya aina hiyo. Shirika la Afya Duniani linataka nchi ibadilishe kipimo pale vimelea hivi vinapokifanya kishindwe kwa zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa.

Ili kujua kama asilimia 5 imefikiwa, ni lazima uweze kuthibitisha kwamba kitu hakipo. PCR ya kawaida inapata taabu hapa. Jeni lisipojitokeza, je, limepotea kweli, au vinasaba vilikuwa vichache, au majaribio yameharibika? Vitone vinatatua hilo kwa rangi mbili. Rangi moja inahesabu jeni ambalo kila kimelea lazima awe nalo, nyingine inahesabu HRP2, katika mrija ule ule. Ukipata 400 kwa la kwanza na 0 kwa la pili, jeni halipo. Ukipata 400 na 150, mgonjwa ana mchanganyiko: vimelea vya aina mbili ndani ya damu moja, jambo la kawaida sana kwenye maeneo yenye mbu wengi, na ambalo vipimo vya zamani hulipita bila kuliona. Mwaka 2022 kikundi cha Cristian Koepfli cha Chuo Kikuu cha Notre Dame kilichapisha njia hii, na kati ya sampuli zilizojaribiwa zilikuwamo za Kenya, Zanzibar na Ethiopia.

Nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba mashine hii inaona kila kitu. Chukua mtu mzima mwenye lita 5 za damu na kimelea 1 katika kila maikrolita 10. Mwilini ana vimelea 500,000, na mbu anaweza kuvichukua kwake. Ukimchoma kidole ukachukua maikrolita 5, kwa wastani utapata nusu kimelea, na hesabu ya Poisson inasema watu kama 6 kati ya 10 walio na hali hiyo tone lao halitakuwa na kimelea hata kimoja. Hapo hakuna mashine itakayosaidia, ya vitone wala ya dhahabu. Cha kusaidia ni damu nyingi zaidi: mililita kadhaa kutoka kwenye mshipa badala ya tone la kidole. Katika kisiwa kinachokaribia kuitokomeza malaria, uamuzi wa kiasi cha damu una uzito kuliko chapa ya mashine.

Pia kuna kitone kinachowaka pasipo sababu. Vumbi la vinasaba kutoka sampuli ya jana, glavu isiyobadilishwa, kitone kilichoharibika, vyote huweza kutoa mwanga. Kila maabara makini hupima maji matupu pamoja na sampuli ili ijue yenyewe huwasha vitone vingapi bure. Mgonjwa akipata vitone 2, na maji matupu yalitoa 2, hajapata kitu. Kanuni za kuandika majibu ya kazi hii zilitolewa mwaka 2013 na kuhuishwa mwaka 2020, nazo zinataka namba za maji matupu ziwekwe wazi. Daktari anayepokea jibu bila namba hizo ana haki ya kulirudisha.

Basi mashine hizi zikae wapi? Si zahanati. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, vikasha na mafuta yake hununuliwa upya kila safari, na mgonjwa mwenye homa anahitaji jibu kabla hajaondoka. Kwa kifua kikuu, GeneXpert iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 inaifanya kazi ya kila siku vizuri zaidi. Mahali pa PCR ya kidijitali ni maabara ya taifa ya rufaa na vituo vya utafiti: kuhakiki viwango ambavyo maabara za mikoa zinajipimia, kufuatilia jeni la HRP2 wilaya kwa wilaya, na kupima maficho ya VVU kwenye majaribio ya tiba yanayowahusu watu wetu. Mashine moja inayofanya kazi mwaka mzima, yenye fundi na bajeti ya vitendanishi, inatufaa kuliko tano zilizofunikwa kitambaa kwa kukosa vikasha.

Wanaotia saini ununuzi na wanaoruhusu majaribio ya tiba nawaomba mambo matatu, yaandikwe kwenye mkataba. Muuzaji aonyeshe praima zake zimejaribiwa kwa makundi ya virusi na vimelea vilivyopo hapa. Aonyeshe maji matupu yalitoa vitone vingapi. Na aandike, kwa kiasi cha damu kitakachochukuliwa, ni idadi gani ya chini ambayo kipimo kinaweza kuiona. Asiyeweza kujibu hayo matatu asilipwe.